Kalamu Tatu na Mshahara wa Miezi Saba

Shikamoo Bibi,

Nasoma safu yako tangu sijaolewa, leo nami nimekuja na langu. Nina miaka 47, mume na watoto watatu, na ni mweka hazina wa umoja wa wanawake katika usharika wetu. Biblia naisoma kila alfajiri kabla nyumba haijaamka. Ninazo kalamu tatu za rangi: ya kijani napigia mstari ahadi, ya njano amri, nyekundu maonyo. Pembeni huandika herufi ya kwanza ya jina la mtu ambaye mstari ule unamhusu, na kukikucha namtumia kwenye simu. Wengi hunishukuru.

Tatizo lilianza wiki moja kabla ya Pasaka. Msichana wangu wa kazi, niliyemtoa kijijini Singida akiwa hajui hata kuwasha jiko la gesi, aliaga ghafla. Nilimtendea kama mwanangu. Mshahara wake wa shilingi 80,000 nilikuwa namtunzia mwenyewe, maana wasichana wa siku hizi wakishika hela wanaharibikiwa. Alipoondoka alikuwa na miezi saba kwangu. Nilikata chupa ya chai aliyoivunja, 18,000, gauni langu aliloliunguza kwa pasi, 45,000, na sabuni na mafuta yake ya kupaka, 35,000. Nikampa 200,000 taslimu, iliyobaki nikamwambia nitamtumia akishatulia. Aliondoka bila hata asante.

Nilipokuwa namsimulia dada yangu haya kwenye simu, binti yangu aliyemaliza kidato cha sita akasema mbele ya baba yake: “Mama, wewe ukisafiri ndiyo tunapumua humu ndani.” Mume wangu hakumkemea. Aliongeza sauti ya taarifa ya habari. Tangu siku hiyo sina usingizi. Hata mbwa wetu Simba naona ananikwepa.

Bibi, nimezipitia Amri Kumi moja moja nikiwa nimepiga magoti. Sijaua, sijazini, sijaiba. Nimesoma ile Zaburi ya kumwomba Mungu atusafishe makosa tusiyoyaona, nikaiomba siku saba kwa kufunga, sijaonyeshwa kitu. Je, nina kosa nisilolijua, au ni shetani ameingia nyumbani kwangu kupitia mtoto? Na kama ni kosa, kwa nini Neno halinionyeshi, mimi ninayelisoma kila siku?

Mwenye Kalamu za Rangi,
Tabata, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilikuwa ya kurasa nne, nami nimelazimika kuipunguza. Aya ya mshahara sijaigusa hata nukta. Kila nilipotaka kuifupisha mkono ulikataa, na sababu utaiona mbele.

Nianze na swali lako la mwisho. Zaburi uliyoiomba siku saba ni ya 19, na ombi lenyewe liko mstari wa 12. Isome tangu mwanzo uone linavyokuja. Mwimbaji anaanza na mbingu, anashuka kwenye jua ambalo hakuna kitu kinachoweza kulikimbia joto lake, kisha anaisifu sheria ya Bwana kuwa tamu kupita asali. Baada ya sifa zote hizo ndipo anakiri kwamba mtu hana uwezo wa kuyatambua makosa yake mwenyewe. Huyu anaipenda sheria kama wewe, tena anaijua, na bado anakiri hajioni. Methali ya nyani na kundule unaijua. Zaburi imelisema jambo hilohilo kwa adabu zaidi.

Torati nayo ililijua. Mambo ya Walawi sura ya 4 yote ni sadaka za watu waliokosa bila kujua, na mpangilio wake unanichekesha kila ninapoufikia: wa kwanza kutajwa ni kuhani, halafu taifa zima, halafu mtawala, na mtu wa kawaida anakuja mwisho. Sisi tungeanza na msichana wa kazi.

Sasa mtazame Daudi katika 2 Samweli, sura ya 11 na ya 12. Amemchukua Bathsheba, mke wa Uria Mhiti. Uria amerudishwa vitani akiwa amebeba mwenyewe barua inayoagiza kifo chake, naye hajui, na ameuawa huko. Nabii Nathani anapofika kwa mfalme, mtoto amekwisha kuzaliwa. Hesabu miezi. Muda wote huo Daudi ameendelea kuwa mfalme, na ni mwepesi wa kukata kesi za watu, maana Nathani anapomletea kesi anaipokea papo hapo wala hahisi kitu.

Nathani hakumsomea amri. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye makundi ya mifugo na maskini mwenye kondoo jike mmoja tu, aliyemlea pamoja na watoto wake ndani ya nyumba. Tajiri akapata mgeni, akaona uchungu kuchinja wa kwake, akamchukua yule mmoja wa maskini. Daudi alichunga kondoo kabla hajavaa taji. Nathani aliujua mlango ambao ulikuwa haujafungwa, akaingilia hapo. Mfalme akawaka hasira, akasema mtu huyo anastahili kufa, na kondoo alipwe mara nne. Hiyo mara nne hakuibuni kwa hasira; ndiyo sheria ya kondoo aliyeibwa, Kutoka 22:1. Yaani saa ileile aliyokuwa kipofu kuliko siku zote, Daudi alikuwa anaitaja Torati bila kukosea hata hesabu. Ndipo Nathani akamwambia kwamba tajiri wa kwenye habari ile ni yeye.

Nimekaa na sura hizo miaka mingi. Kilichomfunua Daudi ni hasira yake juu ya mtu mwingine, na mtu wa karibu aliyethubutu kuigeuza hasira hiyo ikamtazama mwenyewe. Petro naye hivyohivyo. Alikula mezani pamoja na Bwana, lakini kule Antiokia alipoanza kujitenga na ndugu wa mataifa kwa kuwaogopa wageni waliotoka Yerusalemu, hakujigundua kwa maombi. Ilibidi Paulo amwambie usoni, mbele ya watu wote. Imo kwenye Wagalatia sura ya 2. Kwa hiyo usishangae kwamba siku saba za kufunga hazikuleta jibu. Huenda jibu lilikuwa limeshakuja kabla hujaanza kufunga, sebuleni, wakati wa taarifa ya habari, kwa mdomo ambao hukuutarajia.

Fungua Biblia yako leo, zile herufi za pembeni uzihesabu. Ya kwako ni ngapi? Nadhani utapata ya mume, ya wifi, ya jirani, ya mwenyekiti wa umoja, na ya kwako iko kwenye rangi ya kijani peke yake. Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini Neno halikuonyeshi. Umelisoma kama mtu wa posta anayesoma anwani za bahasha.

Basi turudi kwenye ile aya, tuisome kama Daudi alivyosomewa habari ya kondoo. Tuseme si wewe, ni mama fulani wa mtaa wa pili. Amemtoa mtoto wa watu kijijini, amemfanyisha kazi miezi saba bila kumpa mkononi hata senti. Miezi saba kwa 80,000 ni 560,000. Binti alipotaka kuondoka, mama huyo akatoa karatasi ya chupa ya chai, gauni na sabuni, jumla 98,000. Sabuni, mwanangu! Aliyefua nguo za nyumba nzima alilipishwa sabuni ya kuogea. Akapewa 200,000, nyingine akaambiwa atatumiwa akishatulia. Mama wa mtaa wa pili ungemwandikia mstari gani, na kwa kalamu ipi?

Mimi nitakutajia ninayoijua. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi; usiku mmoja tu umeonekana ni mrefu. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inataka alipwe kabla jua halijatua, na sababu imetolewa: ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira huo, asije akamlilia Mungu juu yako. Yakobo 5:4 anakwenda mbele zaidi, kwake fedha yenyewe iliyozuiliwa ndiyo inayopiga kelele, hata kama mwenye nayo amenyamaza. Umesema umezipitia Amri Kumi na hujaiba. Ipitie tena ile ya usiibe.

Na kama neno kuiba linakuchoma kupita kiasi, nenda Walawi sura ya 6, mwanzoni. Pale kuna makosa yanayokaribiana: kumdhulumu mwenzako, na kukana amana aliyokuwekea. Wewe uliita kumtunzia. Kitu ninachokutunzia ni amana, na amana mwenyewe akiidai hakatwi chupa ya chai.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilinikosesha raha kuliko hizo fedha. Katika kurasa nne umemtaja binti huyu zaidi ya mara kumi, na kila mara ni “msichana wangu” au “msichana huyu”. Jina la mbwa wenu nimelijua. La binti aliyekupikia miezi yote hiyo sijalijua mpaka sasa. Katika Luka 15 kaka mkubwa wa mwana mpotevu hufanya hivyohivyo. Anamlalamikia baba yake kwamba hajawahi kuvunja amri yake, na mdogo wake hamwiti ndugu, anamwita mwana wa baba. Mimi nikisoma habari ile zamani nilikuwa nakaa upande wa mwana aliyerudi, nalia, najifuta machozi, nafunga kitabu. Siku niliyojaribu kukaa kwa kaka aliyegoma kuingia kwenye sherehe sikulia, nilinyamaza. Jaribu nawe. Katika kila habari utakayosoma, kaa kwenye kiti cha mtu ambaye humpendi.

Usidhani naongea kama mtu aliyemaliza. Nilipofikisha miaka 70 mjukuu wangu alirekodi sherehe kwa simu. Mimi ni mtu ninayechukia sana wanaokata maneno ya wenzao, nimewagombeza wanafunzi na wakwe kwa jambo hilo maisha yangu yote. Nikaketi kusikiliza rekodi ile. Mkwe wangu alianza kusimulia safari yake ya Mwanza mara tisa, na mara tisa nilimkata mimi. Safari yenyewe mpaka leo sijui iliishaje. Tangu hapo, kitu kinachonipandisha hasira kwa mtu mwingine nakiandika kwenye daftari, na jioni naangalia kama nacho kiko kwangu. Mara nyingi kipo, wakati mwingine hakipo. Kilichokukera wewe ni kwamba binti aliondoka bila asante. Asante hiyo, nani alikuwa anadaiwa na nani?

Sikuandikii haya kwa kuwa nakuona mbaya. Mtu mbaya haandiki kurasa nne kwa sababu ya sentensi moja ya mtoto. Mimi ni mzaliwa wa pwani, na mfano wa kibanzi na boriti katika Mathayo 7 nausikia kwa namna yangu. Watu wengi hufikiri boriti ni gogo lililoangukia jicho, uchafu mkubwa tu. Kwetu boriti ni mti wa mkoko unaoshika dari. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na Unguja, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Mafundi hawakuweza kujenga kipana kuliko mti walioupata. Aliyetoa mfano ule alijulikana kijijini kwao kama seremala, Marko 6:3, alijua boriti ni kitu gani. Mimi naona hivi: boriti yako ndiyo inayoishikilia nyumba yako. Utaratibu wako, hesabu zako zisizopotea, kuamka kwako alfajiri, hivyo vimesomesha watoto watatu na vimekufanya wanawake wenzako wakukabidhi fedha zao. Ni vyema kabisa. Lakini chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti huo, na waliomo ndani wanasema hawapumui. Ndiyo maana hukuiona ulipokuwa unatafuta dhambi. Ulitafuta kwenye takataka, nayo iko juu ya kichwa chako, unaishi chini yake na unaisifu.

Umeuliza kuhusu shetani. Si kila anayekunyoshea kidole ni Nathani, nakubali. Elifazi, Bildadi na Sofari walimkalia Ayubu na hotuba ndefu. Sura ya 22 Elifazi anafikia kumbunia dhambi, kwamba aliwafukuza wajane mikono mitupu, na mwishoni Mungu anasema watatu hao hawakunena sawasawa. Kwa hiyo pima. Elifazi alikuja kutoka mbali na alikuwa analinda hoja yake. Binti yako analala chumba cha pili, anakula chakula chako, ada yake ya chuo iko mkononi mwako, hana faida yoyote katika kusema vile na ana mengi ya kupoteza. Tena baba yake hakumkanusha. Lawama ya yule mwovu hukuacha ukizama tu, mimi ni mtu gani, sifai, bila kukuambia ufanye nini. Hii ya kwako ina kiasi, ina mdai, na huyo mdai ana namba ya simu. Kuhusu adabu, ndiyo, angeweza kukuita pembeni. Hilo utamwambia, lakini si mwezi huu.

Ndugu wa Uamsho, ule ulioanza Gahini nchini Rwanda, ukashika miaka ya 1930 na kuenea Uganda na Kenya na kuingia Tanganyika kwa upande wa Bukoba, walikuwa na usemi wao wa kutembea nuruni. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja makosa kwa jina, na vitu vilivyoibwa vikarudishwa kwa wenyewe. Walikuwa na kasoro zao. Wengine waligeuza kuungama kuwa rungu la kuwapigia wasioungama. Lakini jambo moja walilielewa vizuri: machozi yako hayamsaidii uliyemdhulumu. Anasaidiwa na mali yake.

Kwa hiyo anza na mali. Umemlipa 200,000, zimebaki 360,000, maana zile 98,000 za makato nakushauri uzirudishe zote. Sura ileile ya 6 ya Walawi inataka mdhulumu aongeze sehemu ya tano juu ya anachorudisha. Ya tano ya 360,000 ni 72,000. Jumla 432,000. Zakayo aliahidi mara nne, nami sikudai hiyo, japo ukisikia moyo unasukuma usiuzuie. Mpigie simu mwenyewe, usimtume dada yako. Mwite kwa jina lake. Sema ulimkosea kwa kuzuia mshahara wake na kumkata, na unaomba radhi. Ishia hapo. Usimweleze nia yako ilikuwa nzuri, usimtumie mstari wa Biblia, na asipokusamehe siku hiyo usimdai msamaha kama ulivyomdai asante. Zungumza na mama yake pia, ndiye aliyekukabidhi mtoto.

Binti yako usimwitie kikao. Siku mnachambua mchicha au mnachagua mchele, mwulize ni lini hasa hampumui, halafu ufunge mdomo mpaka amalize. Utatamani kujitetea. Chambua mchicha. Mumeo naye atazungumza akiona mtoto amezungumza na paa halijaanguka.

Na zile kalamu ziweke kabatini mwezi mmoja. Watu wapumzike na mistari yako. Soma waraka wa Yakobo, ni mfupi, mistari 108 tu, unamalizika kabla chai haijachemka. Katika sura ya kwanza, 1:23, utamkuta mtu anayejitazama kwenye kioo kisha anaondoka na kusahau alivyo. Zamani vioo vilikuwa shaba iliyosuguliwa, sura ilionekana kwa taabu, mtu alilazimika kusogea karibu na kutulia. Usome hivyo, bila kalamu.

Niandikie tena ukishaongea naye, na safari hii uniambie anaitwa nani. Fedha tuma kwa simu wiki hii, usisubiri atulie. Na weka na ya kutolea.